Hotuba Yaelea, Lakini Nani Kaiunda?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mashindano ya hotuba ya vijana ambayo zawadi yake ni ufadhili wa masomo ya chuo. Kila msimu wake unapowadia, magazeti huchapisha picha ileile: kijana amevaa suti, ameshika hundi ya mfano iliyo ndefu kuliko kimo chake, wazazi wako kulia, wafadhili kushoto, na chini ya picha pameandikwa kwamba ameshinda kwa ufasaha wake. Sina kinyongo na kijana huyo wala na hundi yake. Nimekuwa mwalimu wa lugha kwa muda mrefu, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekaa kwenye meza ya majaji wa mashindano ya aina hii, hivyo ninachotaka kukihoji ni kile hasa ambacho sisi majaji hukipima kabla hundi haijakabidhiwa.

Niruhusu nianze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, katika shindano ambalo sitalitaja jina, mshindani wa nne alikuwa binti aliyezungumzia wajibu wa raia mbele ya sheria. Katikati ya hotuba yake palikuwa na aya moja nzuri mno, iliyofananisha sheria na ukingo wa daraja, ambao mvukaji haoni thamani yake mpaka siku anapoteleza. Nikaandika pembeni mwa karatasi yangu kwamba huo ni mfano mzuri. Mshindani wa kumi na moja, mvulana wa shule nyingine kabisa, akaja na aya ileile, neno kwa neno, pumziko kwa pumziko, hata mkono wake ukapanda na kushuka mahali palepale. Watu wachache ukumbini waliguna, na sisi majaji watano tukatazamana. Baadaye tulifahamu kwamba wote wawili walikuwa wamefundishwa na mkufunzi mmoja wa kulipwa, ambaye aya hiyo alikuwa ameiuza angalau mara mbili.

Kilichonisumbua zaidi si mkufunzi. Karatasi yetu ya alama haikuwa na mahali popote pa kuliweka jambo lile. Ilikuwa na alama za sauti, za mkao, za ishara za mikono, za macho kuielekea hadhira, za mpangilio wa hoja na za kutunza muda. Mvulana alikuwa na sauti nzito kuliko binti, akapata alama nyingi zaidi, akaingia fainali kwa halali, maana kanuni tulizopewa hazikukataza alichokifanya na hazikutupa njia ya kukichunguza. Karatasi ile niliitia saini kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka sioni raha.

Wahenga wametuambia kwamba vinavyoelea vimeundwa. Katika mashindano haya tunakaa ufukweni tukisifia jinsi jahazi linavyoelea, halafu tunampa zawadi yule aliyelipanda. Kama zawadi ingekuwa kikombe na makofi, ningenyamaza, kwa sababu nahodha hodari naye anastahili makofi. Lakini ufadhili wa chuo ni fedha ya kumsomesha fundi. Mwenye kuutoa anaweka dau kwamba kijana huyu akifika darasani atasoma, atapima hoja za watu, ataunda zake na kuzitetea. Iwapo hatujui kama aliiunda hotuba yake mwenyewe, dau hilo tumeliweka gizani.

Na fedha zenyewe si kidogo. Nchini Marekani, ambako mashindano haya yamekomaa, jumuiya ya askari wa zamani iitwayo American Legion imekuwa ikiendesha mashindano ya ulumbi kuhusu Katiba ya nchi hiyo tangu mwaka 1938, na mshindi wa kwanza wa taifa siku hizi hupata ufadhili wa dola 25,000. Jumuiya nyingine ya askari wa zamani, Veterans of Foreign Wars, humpa mshindi wa kwanza wa shindano la Voice of Democracy, lililoanza mwaka 1947, dola 35,000. Optimist International, muungano wa vilabu vya kujitolea, walitangulia wote hao, maana wao walianza mwaka 1928, na kijana wao hupewa dakika nne hadi tano tu za kusema yote aliyo nayo. Oprah Winfrey, kabla dunia haijamjua, alipata ufadhili kamili wa kusoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee kwa kushinda shindano la hotuba. Kwa hiyo simcheki mzazi anayeuza alichonacho ili mwanawe aandaliwe vizuri. Ni uzito huohuo wa zawadi uliowavuta wakufunzi wa kulipwa, na sasa umezileta programu za akili mnemba ambazo, kwa muda wa kufumba na kufumbua, huandika hotuba ya dakika tano yenye mifano, takwimu, na hata machozi mahali pake.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni rahisi: tupunguze alama za sauti na tuongeze za maudhui. Nami niliwahi kuamini hivyo. Mashindano ya Voice of Democracy yanafanya jambo linalokaribiana na hilo, kwani kijana hurekodi sauti yake tu kwa dakika tatu hadi tano bila kujitambulisha, na katika alama 100 ubunifu una 30, maudhui 35 na uwasilishaji 35. Naupenda utaratibu wa kumficha msemaji, kwa maana jaji hadanganywi na suti wala na jina la shule. Lakini tazama hesabu yenyewe: alama 65 zinakwenda kwa kile ambacho mtu mwingine angeweza kumwandikia. Kadiri tunavyoyapa maudhui uzito bila kuuliza yametoka wapi, ndivyo tunavyompandishia bei yule mwandishi aliyejificha nyuma ya pazia.

Wala si jambo la leo. Huko Athens ya kale, katika karne ya nne kabla ya Kristo, mtu aliyeshtakiwa alitakiwa ajitetee mwenyewe mbele ya mahakama, na waliokuwa na uwezo walinunua hotuba kwa waandishi wa kulipwa, wakazikariri, wakasimama kuzisema kana kwamba zilitoka vifuani mwao. Demosthenes, ambaye watu humkumbuka kwa vijiwe alivyotia mdomoni akiuzoeza ulimi, alikuwa mmoja wa waandishi hao kabla hajawa mlumbi maarufu. Tofauti ni kwamba mahakama zile zilikuwa zikiamua kesi, na hazikuwa zikimchagua wa kupelekwa shule.

Hapa lazima nikubali jambo linaloipunguza makali hoja yangu, kwa sababu nisipolisema mimi atalisema msomaji wako. Msaada wa mtu mzima si kosa, na pengine hakuna mlumbi kijana aliyewahi kusimama bila huo. Tarehe 17 Aprili 1944, Martin Luther King akiwa na umri wa miaka 15 alisimama katika mji wa Dublin, jimboni Georgia, kushiriki shindano la ulumbi lililodhaminiwa na chama cha Elks cha Wamarekani weusi. Mada yake ilikuwa mtu mweusi na Katiba. Wanazuoni waliohariri maandishi yake wanaona kwamba lugha ya hotuba ile imepigwa msasa kuliko maandishi yake mengine ya umri ule, na wanadhani kuna mkono wa mtu mzima uliopita humo. Kama kanuni yangu ingekuwa kumtoa shindanoni kila kijana aliyesaidiwa, basi ningekuwa nimemtoa na huyo.

Ila kisa chake hakiishii jukwaani. Usiku ule, akirudi Atlanta pamoja na mwalimu wake, dereva wa basi aliwaamuru wawapishe abiria weupe. Kijana alisita, mwalimu akamsihi atii sheria ilivyo, wakasimama wima mwendo wa maili 90 hivi, na baadaye maishani alisimulia kwamba hakuwahi kukasirika kama alivyokasirika siku ile. Fikiri sasa kama jaji mmoja angemngojea kituoni Atlanta, akamuuliza maswali mawili tu juu ya Katiba aliyokuwa ameizungumzia saa chache kabla. Hata kama kila sentensi ya hotuba ilikuwa imenyooshwa na mwalimu, majibu yangekuwa ya kijana mwenyewe, na hakuna ambaye angebaki na shaka kama maneno yale ni yake.

Huo ndio msingi wa pendekezo langu. Tusihangaike kuchunguza nani aliandika nini nyumbani, kwa sababu hatutaweza, na tukijaribu tutawaumiza wasio na hatia. Badala yake, kila kijana akimaliza hotuba yake aliyoiandaa, aulizwe maswali kuhusu hotuba hiyohiyo, kwa dakika tatu, na majibu yake yabebe nusu ya alama zote. Aliyeliunda jahazi anajua kila ubao umetoka wapi na msumari upi ulipinda ukang'olewa. Aliyelipanda tu atakuonyesha tanga.

Narudia kwamba maswali yawe juu ya hotuba yenyewe. Wengine wamependekeza jambo ambalo linafanana na langu lakini si lilo, yaani kijana apewe mada asiyoijua na aizungumzie papo hapo. Kuna mifano mizuri ya zoezi hilo. Vilabu vya Toastmasters, ambavyo watu hujizoeza humo kuhutubia na vilivyoanza mwaka 1924, vina utaratibu ambapo mwanachama huzungumzia jambo la kushtukizwa kwa dakika moja hadi mbili. Mashindano ya American Legion nayo, baada ya hotuba iliyoandaliwa ya dakika nane hadi kumi, humtaka kijana azungumze dakika tatu hadi tano kuhusu sehemu ya Katiba anayopangiwa siku hiyohiyo, na hilo limewapa heshima wanayostahili, kwa sababu anayeijua Katiba kwa kukariri kurasa mbili tu hujulikana upesi. Hata hivyo mada ya kushtukiza ina upendeleo wake. Humpendelea mwepesi wa ulimi, na si kila mwepesi wa ulimi ni mwepesi wa kufikiri. Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, anasimulia kwamba Demosthenes mwenyewe hakupenda kusema bila kujiandaa, na kwamba mpinzani wake mmoja alimkejeli kuwa hoja zake zilinuka utambi wa taa, maana alizikeshea usiku. Mimi ningempa ufadhili kijana anayenuka utambi wa taa kabla ya kumpa yule anayeweza kuzungumzia chochote bila kusema lolote. Debe tupu nalo huvuma bila kujiandaa.

Maswali ninayoyakusudia hayahitaji jaji awe mtaalamu wa mada. Umelitumia neno haki mara nne katika hotuba yako, je, mara zote nne lina maana moja? Ni nani angekupinga kwa nia njema, na angekuambia nini? Takwimu uliyotupa, uliikuta wapi, na ingekuwa nusu yake je, hoja yako ingesimama? Na lipo moja ninalolipenda kuliko yote: ni jambo gani lilikuwemo katika rasimu ya kwanza ambalo uliliondoa, na kwa nini uliliondoa? Swali hilo la mwisho nimelijaribu darasani kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyepewa hotuba iliyokwisha kuiva hana rasimu ya kwanza, hivyo hutazama dari. Mwanafunzi aliyeiandika mwenyewe hana haja ya kutafuta jibu, bali hutafuta namna ya kulifupisha. Nilikuwa na kijana mwenye kigugumizi ambaye alichukua karibu dakika nzima kunieleza kwamba alikuwa amekifuta kisa cha babu yake, kwa kuwa alipokisoma mbele ya rafiki zake walipiga makofi, lakini alipokitazama tena hakikuthibitisha chochote. Kwa karatasi ya alama tunayoitumia sasa, kijana yule asingevuka hatua ya kwanza, kwa sababu angepoteza alama za sauti na za muda kwa pamoja.

Kutokana na kijana huyo, naongeza sharti moja. Dakika za majibu zisihesabiwe kwa ukali uleule wa dakika za hotuba, na kimya cha kufikiri kisikatwe alama. Lafudhi isipewe alama kabisa, kwa kuwa lafudhi hutuambia kijana kakulia wapi na haituambii anafikiri nini. Majaji nao wafunzwe kuuliza, maana wapo miongoni mwetu, na nasema hili kwa upendo, wanaodhani swali ni hotuba yao wenyewe iliyoishia na alama ya kuuliza.

Kuwauliza vijana maswali si jambo jipya. Shirika la English-Speaking Union, katika mashindano yake ya kimataifa yanayofanyika London, humfanya kijana ajibu maswali baada ya hotuba aliyoiandaa, na katika mashindano yake ya shule za Uingereza timu huwa na watu watatu, yaani mwenyekiti, msemaji na muulizaji, ambapo hata muulizaji hupewa alama zake. Hilo la mwisho limenikosha kweli. Kijana anayejua kuuliza swali zuri juu ya hoja ya mwenzake ameonyesha kwamba alikuwa akisikiliza, na chuoni saa za kusikiliza ni nyingi kuliko za kusema.

Kuhusu fedha zenyewe nitasema machache, kwa kuwa si kiini cha barua hii. Waandaaji watangaze kwa maneno ya wazi kama zawadi inalipwa chuoni moja kwa moja au inatolewa mkononi, kijana ana muda gani wa kuitumia, na kama inaweza kugharimia malazi na vitabu au karo peke yake. Marekani vipo vyuo ambavyo, mwanafunzi akija na ufadhili wa nje, hupunguza msaada ambao vyenyewe vilikuwa vimemwahidi, hata mshindi akajikuta amebaki palepale alipokuwa kabla ya kushinda. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2017 kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo. Hundi ya mfano haina nafasi ya kuandikia mambo haya, lakini fomu ya kujiandikisha inayo.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimekwisha kulipokea. Niliwaandikia waandaaji wa shindano ambalo bado ninalihudumia, nikiwaomba waanze na fainali peke yake, na wakanijibu kwa adabu kwamba pendekezo ni zuri ila muda hautoshi. Fainali ina washindani 18. Dakika tatu za maswali kwa kila mmoja ni dakika 54. Katika fainali iliyopita hotuba za ufunguzi za wageni waalikwa, wafadhili na wawakilishi wao zilichukua saa moja na robo kwa saa yangu ya mkononi, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa swali. Nimewaandikia tena, na safari hii nimeambatanisha karatasi ya alama niliyoirekebisha, pamoja na ratiba ambayo ndani yake hotuba za ufunguzi ni mbili na kila moja ina dakika tano.

Wako,
Mwalimu mstaafu na jaji wa mashindano ya hotuba